Umri wa Tovuti Yetu

Ndugu wananchi wa Katesh, Gitting, Masakta na vitongoji vyote ambako mtu akitoka nje asubuhi anauona Mlima Hanang bila kuutafuta: nina heshima kubwa kuwatangazia kwamba tovuti yetu imepewa umri. Si umri wa kubahatisha. Ni umri uliokaliwa kikao, ukapigiwa kura, ukagongwa muhuri, na mimi Isidori, Mtaalamu Mkuu wa Tovuti katika Ofisi ya Uratibu wa Huduma Mtandaoni, Kanda Ndogo ya Mlimani, ndiye niliyeuingiza kwenye msimbo kwa vidole vyangu. Naitwa Mtaalamu Mkuu kwa sababu mtaalamu mwingine hayupo.

Najua wapo waliocheka. Wacheke tu, meno ni yao. Lakini wangekuwepo ofisini wangejua tatizo lilikuwa kubwa kiasi gani. Mwananchi alikuwa anafungua tovuti ya ofisi, hujambo hana, habari za asubuhi hana, anaandika moja kwa moja: "Naomba daktari wa mifugo." Basi. Kama anaongea na mtoto wa jirani aliyetumwa chumvi. Huku kwetu kijana akimpita mzee bila shikamoo, taarifa inafika kwa mama yake kabla yeye hajafika nyumbani. Sasa mtu anaipita ofisi nzima namna hiyo, na ofisi ina bendera.

Mratibu Mkuu wetu, Ndugu Vicent, aliliona hili akiwa kwenye semina. Aliporudi aliunda Kamati ya Rika la Tovuti, yeye mwenyekiti, mimi mjumbe, na Letisia, katibu muhtasi wetu, akiwa mwandishi wa kumbukumbu na mwenye ufunguo wa chai.

"Tovuti hii ina umri gani?" Mratibu akauliza.

Nikamwambia niliizindua Oktoba ya mwaka jana, kwa hiyo bado haijatimiza mwaka.

"Ndiyo maana inadharauliwa," akasema. "Ni kichanga. Nani atamwamkia kichanga?"

Nikapendekeza miaka sitini na mitano. Mratibu akauliza itakuwaje akija mtu wa sabini. Je, ofisi imwamkie yeye? Nikapendekeza mia moja. Akasema mia moja ni utani, watu watadhani tumelala. Letisia akasema kwa upole kwamba mkubwa ni jalala, na ofisi ikitaka ukubwa ijiandae kubeba na takataka zake. Hilo halikuingizwa kwenye kumbukumbu.

Mwishowe Mratibu akatoa uamuzi ambao mpaka leo nauheshimu kitaalamu. Tovuti itakuwa na umri wa mwananchi aliyeifungua, jumlisha mwaka mmoja. Mtu wa ishirini ataikuta ina ishirini na moja. Mtu wa sabini ataikuta ina sabini na moja. Mwananchi ataingiza mwaka wake wa kuzaliwa, tovuti itajipandisha umri hapo hapo, kisha itamsubiri aandike shikamoo. Akiandika, itajibu marahaba na kufungua huduma. Asipoandika, itakaa kimya. Na kwa kuwa mzee harudi kuwa kijana, umri wa juu kabisa ambao tovuti imewahi kuufikia utahifadhiwa kama umri wake rasmi.

Watu hudhani kuandika msimbo ni kazi ya kompyuta. Kompyuta ni sehemu ndogo sana. Kazi yenyewe ni kumsikiliza mtu mzima akieleza jambo ambalo hata yeye halielewi, halafu unakwenda kulifanya liwe kweli. Mwanasiasa akishasema neno lake limeisha, anapigiwa makofi, anakwenda kula pilau. Mimi neno nikiliandika ndiyo kwanza linaanza kutenda, na haliangalii linamtenda nani. Nilimweleza Mratibu hivyo. Akasema nipunguze falsafa niongeze kasi.

Kwa wasionifahamu, mimi pia ni mchora katuni. Nikaagizwa nichore mhusika wa kuielimisha jamii, anayeitwa Mzee Tovuti. Rasimu ya kwanza ilikuwa na ndevu na fimbo. Kamati ikaziacha ndevu, ikaiondoa fimbo, kwa kuwa fimbo mkononi mwa ofisi inaweza kueleweka vibaya kisiasa. Pua ikarekebishwa mara kadhaa mpaka ikafanana na pua ya Mratibu Mkuu, na hapo akasema sasa ina busara. Kiputo cha maneno juu ya kichwa kikabaki kitupu, maana maneno yanahitaji kibali cha juu na kibali hakikuwahi kufika. Mabango yakabandikwa sokoni Katesh hivyo hivyo. Siku ya mnada mtu asiyejulikana akajaza kiputo kwa kalamu ya wino mzito: "Mtandao unasumbua." Wananchi walielimika sana.

Mambo yakaenda vizuri. Vijana wakawa wanaandika shikamoo bila shida, maana kijana wa leo ukimwambia aandike kitu ili apate kitu, haulizi. Wazee walikuwa wanawatuma wajukuu, na wajukuu walikuwa wanaingiza miaka yao wenyewe. Tukatuma ripoti kwamba maadili yamepanda.

Shida ikaanza kwa Mratibu mwenyewe. Asubuhi moja alifungua tovuti aone takwimu. Ikamwomba mwaka wa kuzaliwa, akaweka. Ana miaka hamsini na mitatu. Tovuti ikapanda hadi hamsini na minne, ikamwambia aandike shikamoo.

Aliniita kwa sauti ambayo Letisia alidhani nyoka ameingia.

"Isidori, hiki kitu kinataka nikiamkie."

"Ndiyo, Mratibu. Kinafuata azimio la kamati."

"Mimi ndiye nimekiajiri."

Akaandika waraka pale pale. Ulisema hivi, na nanukuu: "Mratibu Mkuu atakuwa, wakati wote, mkubwa kuliko tovuti kwa mwaka mmoja, bila kuathiri stahili zake nyingine, na tovuti itamwamkia yeye kwanza." Nilimweleza kwamba umri wake utapanda kila tovuti inapopanda. Nikamweleza pia kwamba ofisi yetu imetekeleza agizo la mifumo kusomana, kwa hiyo nikimwandika umri kwenye tovuti, mfumo wa watumishi nao utausoma. Akaniuliza kama kusomana kwa mifumo ni jambo jema au baya. Nikasema ni jema. "Basi acha isomane," akasema. Nikaandika msimbo, kesho yake tovuti ikamwambia "Shikamoo, Mratibu Mkuu," naye akajibu marahaba kwa mdomo, mlango ukiwa wazi ili tusikie.

Kwa usalama akaongeza masharti mawili. La kwanza, badiliko lolote kwenye tovuti lazima aliidhinishe yeye mwenyewe, ndani ya mfumo, na cheo hiki hakikaimiwi na mtu. La pili, kwa sababu watumishi wengi hupunguza umri wakikaribia kustaafu, anayetaka umri wake urekebishwe haleti karatasi. Karatasi hughushiwa. Analeta mtu mzima aliyekuwepo siku anazaliwa, naye atoe ushahidi wake kupitia tovuti.

Hapo ndipo alipokuja Bibi Marieta wa Gitting.

Alifika mapema, amejifunga kanga mbili na sweta juu, viatu vimejaa matope ya juu mlimani. Nikasimama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumchukua daktari wa ng'ombe."

Akaeleza. Ana ng'ombe mmoja wa maziwa, mwekundu. Huyo mmoja ndiye nyumba yake: wajukuu wanakunywa uji kwake, sare zinatoka kwake, na hata mbegu za mahindi zilizoko ghalani zimetoka kwake. Tangu jana hali majani. Masikio yanawaka moto, na chini ya masikio tezi zimevimba.

Daktari wetu wa mifugo, Ezekiel, alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, kofia ya pikipiki kichwani, mkoba wa dawa mapajani. Alisikia yote. "Hiyo ni ndigana, homa ya kupe," akasema. "Akichomwa sindano leo, anapona. Ikifika kesho sikuahidi kitu, Bibi."

"Basi twende."

Ezekiel akatazama chini. Zamani akipigiwa simu alikuwa anaondoka tu, kiholela kabisa, anatibu ng'ombe bila takwimu. Mratibu alikomesha hilo. Sasa daktari haondoki bila namba ya kazi kutoka kwenye mfumo, na pikipiki ni ya ofisi.

Nikamketisha Bibi Marieta mbele ya kompyuta. Nikamwomba kitambulisho, nikaingiza mwaka wake: elfu moja mia tisa arobaini na moja. Miaka themanini na minne. Tovuti ikajipandisha bila kusita, ikawa na themanini na mitano, ikasubiri.

"Sasa, Bibi, tunaandika shikamoo."

"Kwa nani?"

"Kwa tovuti."

Akainama akatazama nyuma ya kompyuta. Kulikuwa na nyaya na kikombe cha Letisia.

"Amezaliwa lini huyu?"

"Oktoba ya mwaka jana."

"Basi mwambie aanze. Mdogo ndiye anaanza."

Nikamfafanulia kwa lugha nyepesi kuhusu umri linganifu unaojirekebisha kwa kuzingatia rika la mteja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Huo mwaka mmoja wa juu yangu amepewa na nani?"

"Nimeuweka mimi, Bibi."

"Na wewe umezaliwa lini?"

"Tisini na saba."

"Mama yako ni nani?"

Kwa mtu wa huku swali hilo ni zito kuliko barua ya onyo. Nikamwomba Letisia aendelee na mteja.

Letisia hana mambo ya mzunguko. "Bibi, hili dude halina akili, linazingua tu. Ngoja nikuandikie mimi fasta, daktari aondoke."

"Jina lililoandikwa hapo ni la nani?"

"La kwako."

"Ukiandika wewe, nimeamkia mimi. Nilizikwa lini mpaka nisemewe?" Akavuta kanga, akakaa vizuri. "Nilimwamkia baba yangu, nilimwamkia padre, niliwaamkia wazee wa mume wangu mpaka wakaisha. Sasa zamu yangu imefika, mnanipeleka kwa sanduku."

Nje Ezekiel alivua kofia, akaivaa tena.

Ningeweza kuliondoa lile neno kwa mstari mmoja wa msimbo. Lakini idhini ilikuwa ya Mratibu Mkuu. Nikaenda kumgongea. Alikuwa anaandaa wasilisho kuhusu ukaribu wa huduma kwa wananchi na hakupenda kukatizwa. Nikamweleza kuhusu Bibi, kuhusu tezi, kuhusu kesho, na kuhusu mstari mmoja wa kuliondoa neno.

"Mwelimishe."

"Nimemwelimisha, Mratibu. Ameniuliza mama yangu ni nani."

Akatoka mwenyewe. Akasimama mbele ya Bibi Marieta, mikono nyuma, akaanza. Alisema kwamba ofisi inatambua mchango wa wazee kama wadau wa kimkakati. Alisema teknolojia haina budi kuakisi tunu zetu. Alisema tukimruhusu mmoja, kesho watakuja kumi, na keshokutwa Gitting nzima. Akamalizia kwa kuinama kidogo, kama anavyoinamia watoto kwenye picha.

"Bibi, ni neno moja tu."

"Ndiyo, ni moja," akasema Bibi Marieta. "Mbona wewe hukuanza nalo?"

Mratibu akatazama saa yake. Kwa kweli hakuwa amemwamkia, na sisi wote tuliliona, na Letisia alianza kupanga kalamu ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Mratibu akasema ana kikao, akarudi ndani, akafunga mlango.

Bibi Marieta akabaki pale. Hakugomba. Alikuwa anatazama barabara ya kwenda juu, na mara moja nikamwona anafuta jicho kwa ncha ya kanga. Nitasema kweli: iliniuma. Nikaenda dirishani nikajifanya nakagua nyaya.

Mifumo yetu husomana kila siku saa nane mchana. Siku hiyo ilisomana kwa ufanisi wa hali ya juu. Mfumo wa watumishi ukauliza tovuti ina umri gani. Tovuti ikasema themanini na mitano. Mfumo ukaangalia waraka: Mratibu Mkuu ni mkubwa kuliko tovuti kwa mwaka mmoja, wakati wote. Kwa hiyo Mratibu Mkuu ana themanini na sita. Mfumo ukaangalia sheria ya kustaafu, ukakuta mwisho ni sitini. Printa ya Letisia ikakohoa.

Letisia akaisoma barua mara ya kwanza kimya, mara ya pili kwa sauti. Ilimshukuru Ndugu Vicent kwa utumishi uliotukuka. Ilimkumbusha kwamba alipaswa kustaafu miaka ishirini na sita iliyopita, ikampongeza kwa kuendelea kujitolea katika uzee wake, ikamtaarifu kwamba akaunti yake imefungwa kuanzia saa hiyo, na ikamwomba akabidhi ofisi kwa mtu yeyote mwenye nguvu za kubeba mafaili.

Ezekiel alikuwa amesimama mlangoni. "Letisia, mimi nikiondoka bila namba, nani ananizuia?"

Letisia akatazama barua. "Anayezuia amestaafu."

Ezekiel hakuuliza tena. Alimpandisha Bibi Marieta nyuma ya pikipiki, akampa mkoba wa dawa aushike, na nikawaona wakikata kona ya sokoni, kanga inapepea. Jioni akapiga simu kutoka Gitting. Ng'ombe amechomwa sindano, homa inashuka, amelamba chumvi. Asubuhi yake akapiga tena: amekula majani. Letisia alisema asante Yesu, kisha akakaa, akalia kidogo, akaenda kuchemsha chai. Tukio hilo halina namba ya kazi, kwa hiyo kwenye takwimu bado halijatokea.

Tangu siku hiyo ofisi haina Mratibu. Daktari anaondoka akiitwa. Watu wanaingia, wanasema shida yao, wanasaidiwa. Ni hali ya hatari sana kiutawala na nimeiripoti ngazi za juu.

Ndugu Vicent hakukubali, na ni haki yake. Alikuja na cheti cha kuzaliwa, nikamkumbusha sharti lake kuhusu karatasi. Akaja na kitambulisho. Nacho ni karatasi, ila ya plastiki. Ikabidi atafute mtu aliyekuwepo siku anazaliwa. Mama yake ni marehemu. Shangazi zake ni marehemu. Alizunguka Gitting siku kadhaa akiuliza ni nani alikuwa mkunga miaka ile, na kila mlango alioubisha walimwelekeza kwenye nyumba moja, yenye ng'ombe mwekundu nje.

Wakaja pamoja. Safari hii alimshika Bibi Marieta mkono kwenye ngazi, na alikuwa amemwamkia vizuri, naamini zaidi ya mara moja.

"Namkumbuka," Bibi akasema, amekaa mbele ya kompyuta. "Alikuja miguu kwanza. Mama yake aliteseka tangu alfajiri. Tulidhani tutawapoteza wote wawili, nikamgeuza kwa mikono hii. Alipolia, tulipiga vigelegele mpaka ng'ambo ya bonde wakasikia. Ana miaka hamsini na mitatu, si zaidi. Nitaapa hata kanisani."

Ndugu Vicent akafumba macho kwa faraja. Nikaingiza jina la shahidi. Tovuti ikamtambua, ikakaa kimya, ikasubiri.

"Inataka nini?" Bibi akauliza, ingawa nadhani alijua.

"Shikamoo," nikasema.

"Aanze yeye."

"Bibi," Ndugu Vicent akasema, sauti imekwisha. "Nakuomba. Maisha yangu yote yako hapo. Nina watoto wanasoma."

"Na mimi nilikuwa na ng'ombe anahema, mwanangu. Ushahidi nimeshatoa, umesikia, na hawa wamesikia. Kwa binadamu yeyote nitasema tena. Kwa hilo sanduku, hapana."

Ndugu Vicent akanigeukia mimi. Alikuwa anatokwa jasho, na kule nje kulikuwa na baridi ya mlimani. "Isidori. Liondoe hilo neno. Ni mstari mmoja, wewe mwenyewe ulisema."

Nikasimama, nikamwamkia kama mstaafu anavyostahili.

"Shikamoo, mzee. Naomba idhini ya Mratibu Mkuu."

"Mratibu Mkuu ni mimi."

"Akaunti yako imefungwa, mzee. Ila mwananchi yeyote anaweza kuomba badiliko. Fomu ya maombi iko kwenye tovuti."

Akakaa. Akaingiza mwaka wake na ombi lake. Tovuti ikasubiri. Alitazama mlango, akatazama dirisha, akamtazama Letisia, ambaye aliona ni wakati mzuri wa kufuta vumbi kabatini. Kisha akaandika shikamoo, kwa kidole kimoja, herufi moja moja. Ikajibu pale pale, maana kasi yake niliifanyia kazi sana: "Marahaba. Ombi lako limepelekwa kwa Mratibu Mkuu. Tafadhali subiri."

Aliisoma mara mbili. Akauliza nani anakaimu. Nikamwambia cheo hiki hakikaimiwi na mtu.

Bibi Marieta akasogea kwenye benchi, akaikusanya kanga yake ili nafasi ipatikane.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Hapa huwa wanachelewa."